Mbuzi Kapotea

Alasiri ya Ramadhani, mtaa wa Limbani, Wete.
Nazi nne zishavunjwa, muhogo ushamenywa,
na mashine aliyoniletea Haroub kutoka Maskati
imelia *pii*, ikalia *pii* tena,
kisha ikanuna kama mkwe aliyekosewa.

Laki nne na nusu, ukiacha ushuru wa bandarini.
Ina vitufe kumi na viwili;
ninaokijua ni kimoja, cha kuzimia.
Kitabu chake kina lugha tisa na yetu haimo.
Tukuza nimetia ya elfu kumi, taa zinawaka.
Basi si umeme. Ni kiburi.

Nikasema, nimtoe mbuzi.
Uvunguni hayumo, darini hayumo,
nyuma ya mtungi hayumo
(na mtungi wenyewe siku hizi una maua ya plastiki).
Nikajitupia kanga, nikatoka kuuliza.

Bi Mize yuko barazani:
"Mbuzi wako? Beberu au jike?"
"Wa meno, Bi Mize. Asiyekula majani."
Akacheka mpaka akashika ubavu,
akaniingiza jikoni kwake nikajionee:
jungu la umeme limejaa vitunguu,
blenda haina shingo, imesimama na miiko.
"Hii ni pesa ya karafuu," kasema, "msimu ule mkubwa.
Nilizichambua mpaka vidole vikawa vyeusi.
Yenyewe imekwenda miezi mitatu."

Kwa Zuwena, ndani ya oveni mna nguo za mtoto.
Kwa Mosi, friji la milango miwili
limehifadhi viatu vya sikukuu.
"Mende hawaingii," kaniambia,
na kwa hilo sikuweza kumbishia.

Njia nzima namsikia mama.
Kakaa upande juu ya mbuzi, sinia chini,
*kwaru, kwaru, kwaru*,
na sisi nje tunajua magharibi haiko mbali;
nyumba yetu haikuwa na saa nyingine.
Kifumbu alikisuka mwenyewe kwa ukindu.
Tui la mwanzo aliliweka kando, kalifunika kawa,
la pili likaingia chunguni na muhogo,
na chumvi akaipima kwa kiganja,
kiganja kisichotaka kitabu.

Lakini nisiseme uongo nami nimefunga.
Moshi ulimla macho mama yangu,
miaka ya mwisho akitujua kwa sauti.
Kovu la gumba lake lilikuwa la meno ya mbuzi huyuhuyu.
Angeletewa mashine angeipokea kwa mikono miwili,
angeifumia kitambaa,
angeizima kila mara, isichoke.

Nyumba ya mwisho kabla ya mikarafuu, kwa Bikombo,
nikamkuta.
Mjukuu kampanda, anaendesha gari,
anapiga honi kwa mdomo, anapakia abiria wa Konde.
"Ulinipa harusi ya Riziki," kasema Bikombo.
Riziki ana watoto watatu sasa.
"Nikangoja uje. Hukuja.
Nikajua umetajirika."

Mtoto akakumbatia ubao, akaangua kilio.
Tukafanya biashara, mimi na yeye, bila shahidi:
nikarudi mbio nikamletea boksi la mashine,
kubwa, jeupe, lina picha ya mwanamke anayecheka
jiko lake safi kama halijapikiwa.
Akaingia ndani, akalivuta mpaka kidevuni,
akasahau kama kuna mbuzi duniani.

Nimekaa upande. Nazi ya kwanza imenikwaruza kidole,
ya pili mkono ukakumbuka wenyewe.
Nilipokamua, tui likanitiririka mpaka kiwikoni,
nikalitazama tu, maana swaumu.

Ndipo kule kwenye kona, bila kuguswa na mtu,
ikawasha kijitaa chake cha buluu.
*Pii.*
Inauliza kitu, kwa moja ya lugha zake tisa.
Nikaifunika kawa.