Daftari la King'ora

Usiku wa kwanza kililia mara kumi na moja.
Niliandika kwa penseli, kwenye daftari la mauzo ya chai:
saa mbili na robo, paka wa kina Mwakibinga;
saa nne, hakuna mtu;
saa nne na dakika sita, hakuna mtu;
saa saba, mgomba.

Hapa Katumba mvua haipigi hodi.
Jani la mgomba likilowa huwa zito
kama shuka lililosahaulika kambani,
na upepo wa Rungwe ukilitikisa,
kile kijicho juu ya ghala la parachichi
kinaona mwizi mwenye mikono kumi.

Majirani walikuja na mapanga.
Usiku wa tatu walikuja na matusi.
Usiku wa tano hawakuja,
na hapo ndipo nilipoogopa.

Nikamwita Ambindwile, fundi wa Kiwira.
Alipanda ngazi, akafungua kifuniko, akacheka:
"Buibui kapanga humu, na kodi halipi."
Akamtoa kwa kidole, taratibu,
akaziba tundu la waya kwa silikoni.

Akawa anakaza skrubu huku ananisomesha.
Hiki hakimjui mwizi. Kinajua joto linalohama.
Bati likishinda juani, kisha mvua ilipige ghafla,
kwake huyo ni mtu. Taa za lori la chai, mtu.
Mbwa wako ni mtu mfupi.
Usikielekeze barabarani, wala jua linakotokea.
Kiinamishe. Kitazame cha kwako,
cha watu kikiache.

Tukapunguza migomba mitatu.
Akafunga cha pili upande wa karo:
"Akisema mmoja, lala. Wakisema wote wawili, amka."
Kisha akakata utepe mweusi vipande vipande,
akawa anaziba kioo: hapa njia ya mbwa,
hapa banda la kuku,
hapa

akasita. Akaomba daftari.
"Saa tisa kasorobo, hakuna mtu.
Saa tisa kasorobo, hakuna mtu. Siku sita.
Bwana, mgomba hauna saa."

Nilitazama alikoonyesha kwa bisibisi.
Kaburi la baba, vigae vyeupe.
Kila usiku nilitoka na tochi nikamulika ghala,
kufuli, dirisha, ghala tena.
Huko sikuwahi kumulika.

Usiku ule nilizima king'ora,
nikakaa barazani na koti la mvua mabegani.
Mlango wa jikoni ulilia kidogo tu.
Mama, kanga mbili na sweta la baba,
akakata uwanja bila taa wala fimbo,
akafika, akapangusa vigae kwa pindo la kanga
kama anayemfuta mtoto mdomo.
Hakusema kitu.
Au alisema, mvua ikachukua.

Fundi alirudi Jumamosi. "Nizibe na hapa?"
Ziba, nikamwambia, ila uniuzie kingine, kidogo,
kisijue habari za king'ora.
Kiunge na taa iliyo kichwani pa kitanda changu.
Hakuuliza. Alinipunguzia elfu tano.

Ghala sasa linalala. Mwakibinga kaanza kunisalimia.
Buibui amerudi, safari hii nje ya kifuniko,
na mbwa anapita kifua mbele kama diwani.

Saa tisa kasorobo taa inawaka.
Napapasa penseli, naandika: mtu.
Halafu nalala macho wazi,
nasikiliza mlango wa jikoni ukirudi.