Waya Mpya

Kazi yangu ni kuyapokea magari yanaporudi
kutoka kwa watu walioyakodi miaka minne.
Ua wetu uko Gent, nyuma ya mfereji,
mahali ambapo mvua hainyeshi, inakaa tu.
Nakagua mikwaruzo, nanusa viti, nahesabu funguo.
Halafu nafungua buti.

Leo asubuhi: gari la mseto, lile la kuchomeka,
rangi ya jivu, la bwana Dieudonné Vercauteren,
anayeuzia hospitali nyonga za bandia.
Kilomita laki moja na arobaini elfu.
Chini ya mwavuli na viatu vya gofu
umelala waya wa kuchajia
ndani ya nailoni yake ya kiwandani,
umefungwa kwa vile vikamba vidogo
ambavyo mtu hukata mara moja tu
katika maisha yote ya kitu.

Karatasi ya gari ilisema: lita moja na nusu
kwa kilomita mia.
Karatasi haina haya.
Kumbukumbu ya mashine inasema: saba nukta tisa.

Siilaumu mashine. Iliibeba betri yake
Gent hadi Luxembourg na kurudi, Jumanne na Ijumaa,
kama mtu aliyejitwika mtungi mtupu
akakipita kisima, akarudi nao mtupu,
na shingo inamuuma vile vile.

Hata Vercauteren simlaumu sana.
Kampuni ilimpa kadi ya mafuta;
umeme wa nyumbani angelipa mwenyewe.
Kodi ilishuka siku ile aliposaini
na haikurudi kuuliza chochote.

Mwezi uliopita alirudi pacha wa gari hili,
kiwanda kile kile, mwaka ule ule, jivu lile lile:
la Godelieve Matthijs, muuguzi wa shule kule Eeklo.
Waya wake ulikuwa umechoka kama kamba ya mbuzi,
kichwa kimebanduka rangi,
utepe mweusi pale ulipotafunwa na mbwa,
mbwa ambaye, alisema, naye amekwisha kufa.
Kila jioni aliuchomeka kabla ya kuvua viatu.
Sauti ya injini aliisahau kabisa,
hata siku ilipojiwasha yenyewe
isije petroli ikachacha tangini,
alidhani gari limeharibika, akanipigia simu,
nami nikamwambia: hapana, mama, limekohoa tu.

Ghorofani kwetu yuko Nurettin, dereva wa teksi.
Lake ni mseto wa kawaida, halina tundu la umeme hata moja;
hujilisha kwa breki na miteremko,
tonge kwa tonge, na huku kwetu
miteremko yenyewe ya kuhesabu.
Daftari lake liko mfukoni mwa mlango:
nne nukta sita.
Januari, tano nukta moja.
Wiki ya mama mkwe na masanduku yake, tano nukta nne,
amepiga mstari chini kwa wino mwekundu.
Karatasi yake nayo ilidanganya, lakini kidogo,
uongo wa mtu anayetaja umri wake.

Nilimwuliza kama hatamani lile la kuchomeka.
Akaelekeza kidevu juu, kwenye dirisha lake.
"Ghorofa ya nne," akasema.
"Niuteremshe waya kama ndoo?"

Fomu yangu inauliza: waya, upo au haupo?
Hali yake: mbovu, wastani, nzuri, mpya.
Natia alama. Upo. Mpya.
Kalamu inabaki hewani kidogo,
inatafuta kisanduku ambacho hakipo.

Mchana anakuja Wannes wa mauzo kupiga picha.
Analiinua furushi la nailoni kwenye mwanga,
analigeuza huku na huku,
uso umemchangamka kama wa mtu aliyeokota.
"Tazama, hata haujafunguliwa!
Hili kwenye tangazo tutalitaja kwanza."