Fundi wa Vibao

Natoza kwa herufi, shilingi hamsini kila moja.
Nafasi kati ya neno na neno ni bure.
MBWA ni herufi nne: mia mbili.
Neno hilo limenilipia kodi ya Februari, na ya Machi,
na sijamaliza kulisambaza Nakuru hii.

Gathogo wa bucha alitaka rangi nyekundu:
MBWA HAPANA.
Alisimama nyuma yangu, kisu mkononi,
akilalamika wanavyolamba kizingiti alfajiri
kabla yeye hajakipiga deki.
Akanilipa, akatupa mfupa nje
bila kutazama ulikoangukia.
Tapentaini alitazama.

Tapentaini ni wangu. Akiwa mdogo
alitumbukia kwenye debe, akatoka na jina.
Ana doa la kijani la duka la mbolea,
la buluu la kinyozi ambaye hajanilipa hadi leo.
Nikisahau deni, namgeuza mgongo nasoma.

Milimani, kwenye mkahawa wa viti vya kamba,
Bi Nyakio alichagua maneno ya upole,
MBWA WANAKARIBISHWA, na ua pembeni.
Herufi kumi na nane! Nikaubariki ukarimu wake.
Ndani, kijibwa cheupe kama sufi
kilikuwa kinakunywa kwenye bakuli la kaure,
na mwenyewe anakifuta mdomo kwa kitambaa cha meza.
Nikamfungua Tapentaini kwenye nguzo ya stima:
si kibao kimesema? Si mimi niliyekiandika?
Mhudumu akaja mbio na trei.
"Huyo hapana, fundi. Huyo ni wa nje."
Nikamuuliza Bi Nyakio niongeze neno gani.
Akacheka.
Kisha akaona brashi bado iko juu, inangoja.

Bondeni, Bi Mwanahawa wa mahamri hakutaka kibao.
"Akitia ulimi kwenye chombo changu ni kuosha mara saba,
moja kwa udongo, na mfereji wenyewe unatoa maji Jumanne."
Aliyasema bila chuki,
kama mtu anayekutajia bei ya unga.
Akachukua kaa la jiko, akapiga mstari mlangoni:
"Mwambie mwisho wake hapa."
Tapentaini akalaza kidevu juu ya mstari.
Saa saba, jua limeivisha lami,
mama akatoka na mkebe wa siagi umejaa maji,
akausukuma kwa mwiko wa zamani, mbali na vyombo,
akarudi ndani kunawa.
"Kiumbe ana kiu," akasema,
na kunitoza mahamri manne nilikokula matatu.

Langalanga, Mwalimu Nyaboke alitaka la getini.
"Usiniandikie MBWA KALI kama wenzako. Ni MKALI.
Ngeli ni ngeli, hata kwa mwizi."
Akailipia ile M kwa furaha.
Akataka na picha: meno, mate, macho ya moto.
Nikamwita Tapentaini akae nimtazame.
Mwalimu akawa juu ya tangi la maji
sijui kapanda saa ngapi, viatu vimebaki chini.
Kule juu akanionyesha kovu la muundi,
la Keroka, la darasa la pili.
Nyumba yake haina mbwa wala haitapata.
Basi nikamchora huyu anayesinzia, ulimi nje,
nikampa meno asiyokuwa nayo,
na mwalimu, bado tangini, akanisahihisha masikio.

Jioni Kaptembwo nimekuta karatasi chini ya mlango.
Mwenye ploti anasalimu.
Wapangaji wamelalamika; wengine wana watoto, wengine wana dini,
mmoja alikanyaga kitu gizani.
(Ni wao walionipigia makofi Agosti
Tapentaini alipomshika suruali mwizi wa mitungi ya gesi.)
Anataka kibao, herufi kubwa, ukutani pa choo:
MBWA HAWARUHUSIWI PLOTI HII.
Elfu moja na mia mbili, atakata kwenye kodi.

Kazi ni kazi. Nimepiga rula, nimechanganya nyeusi.
Nimeandika MBWA, ameketi ananitazama,
mkia unafagia vumbi kila brashi inaposhuka.
Nafasi baada ya neno ni bure, nilisema.
Hii ya leo nimeianza jana,
bado sijafika mwisho wake.