Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Damu yangu ilirudi.
Niliitoa Jumatano, hapo Mbale, ndani ya hema jeupe,
nikapewa soda na biskuti mbili,
nikapanda kilima nikijisifu: kuna mtu atapona kwa ajili yangu.
Wiki ya tatu simu ikaita, nami nachuma mrenda.
Mama Lavendi, fika kliniki. Njoo peke yako.

Yule dada aliandika herufi moja kwenye kadi: B.
Nikamwambia, shuleni hiyo ilikuwa alama nzuri.
Hakucheka. Akachora ini, umbo la jembe lililolika,
akasema kirusi kimo humo,
mgeni asiyebisha hodi, asiyeomba hata maji,
anatafuna boriti moja moja
na bati la paa bado linang'aa.

Tangu lini?
Akainua mabega.

Nyumbani kwa kaka, tunakoishi,
Imali alifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe cha bati.
Hiki chako, wifi. Kwa upole.
Upole ule uliniunguza kuliko chai.
Sahani nayo ikahamia rafu ya chini,
watoto wakafundishwa kunipungia kwa mbali.

Hakuna aliyeuliza habari za wembe.

Mimi naukumbuka. Matanga ya babu, siku ya kunyolewa,
tuliketi mstari mmoja nje ya jiko, vichwa kumi na vinne,
wembe mmoja, beseni moja, maji yakigeuka waridi.
Mzee Kisia alipomkata Adagala nyuma ya sikio
aliufuta kwenye paja la suruali,
akaniita: wewe, inamisha kichwa.

Au ni mama.
Mama aliyenizaa sakafuni, mvua ikipiga,
aliyekufa tumbo limejaa maji, macho rangi ya ndizi mbivu,
na sisi tukataja jina la jirani,
mwanamke ambaye hadi leo haji kwetu kuomba moto.
Tulimbebesha yeye kesi ya kirusi.

Lavendi nilimpeleka kupimwa. Hana.
Akachanjwa mara tatu; ya mwisho hata hakulia,
alitaka tu kuiona sindano ikitupwa.

Agosti tukamzika baba mdogo.
Niliuza kuku wawili nikanunua nyembe pakiti mbili,
nikasimama kando ya beseni, mimi wa uzi mwekundu,
nikigawa: kichwa kimoja, wembe mmoja, kisha shimoni.
Wazee walinung'unika.
Mila haikuwahi kuwa na bajeti ya nyembe, alisema Kisia,
akanyoosha kiganja, akachukua wake.

Jioni Lavendi akatwaa kikombe changu
mbele ya waombolezaji wote,
akanywa chai yangu hadi makapi.
Imali alirusha mkono kumzuia.
Mkono ukabaki hewani,
kitambo,
kisha ukashuka, ukamfuta mtoto mdomo.