Bwana wa Karatasi

Bi Shinuna amemtoa Mudayrib mpaka karakana yangu Ibra
ndani ya bati la biskuti,
kamfunga kwa kanga mbili kama mtoto mgonjwa.
"Mtazame," aniambia, "ila usimwonyeshe imamu."

Bwana mdogo, urefu wake shibiri moja,
kapiga goti juu ya zulia la buluu,
ua la nargisi mkononi, joho la rangi ya komamanga.
Rangi ya maji, nyepesi, ungedhani ukipumua itahama.
Na dhahabu: ukosini, kwenye ala ya jambia,
kwenye kila jani la mti nisioujua jina.
Dhahabu hiyo ilisagwa kwa asali.
Nami huisaga hivyo hivyo, alasiri nzima,
hadi kidole kinasahau kuwa ni changu.

Uso tu ndio haupo.

Paji lipo, nusu ya nyusi, sikio moja,
kisha karatasi tupu, kama sahani iliyorambwa.

Nikadhani nimeshajua. Nimeziona nyingi:
mcha Mungu na kisu kidogo,
anakwangua macho, asije mchoraji akaambiwa
siku ile: haya, mtie roho.
Simlaumu. Hata mimi nikifika kwenye mboni
mkono husita, ulimi hutaja Jina.

Lakini kisu huacha alama. Nikawasha taa ubavuni,
nikainama na kioo mpaka shingo ikagoma.
Hakuna mkwaruzo. Nyuzi za karatasi zimelala
upande mmoja, laini, zina mng'ao wa mafuta.
Hapa palipita kidole.
Miaka. Pale pale.
Kikianzia shavuni, kikishukia mdomoni.

Nikampigia simu: "Alikuwa wa nani kabla yako?"
Kimya. Kikombe kikawekwa chini.
"Wa bibi yangu, Ghusna. Alikaa eda
ana miaka kumi na tisa, asiolewe tena.
Picha ya mumewe hakuwa nayo; nani siku zile
alikuwa na kamera? Alisema huyu
wamefanana mabega."

Mabega!

"Basi mchore uso," akasema.
"Wa nani?"
Hakunijibu, akaniuliza bei.

Nimepika wanga. Nimeziba matundu mawili ya wadudu,
nimerudisha dhahabu ukosini ilipobanduka.
Pale pengine sikupagusa.

Ila jana, kabla ya kumrudisha batini,
nilinawa mikono, nikaikausha vizuri,
nikaweka kidole, Mungu anisamehe.
Ni karatasi tu. Baridi.
Nilichelewa kukiondoa.