Kina, si Vina

Zihindula, umenichekesha watu
chumbani kwa Murhula, hapa Kadutu,
eti ya tatu ndiyo yenye mapigano,
eti Upanga wa Majivu ulianzia hapo.
Nilitaka kukujibu. Kuranti ikakatika,
tukatafutana viatu gizani,
na usiku kucha nimelala na jibu.

Chukua ya kwanza.
Vitufe vitatu: kata, ruka, kinga.
Shujaa hana shingo, kuta zina rangi ya bugali,
maadui wote wana uso mmoja
kama watoto wa baba mmoja.
Lakini uliwahi kuachia kinga
chuma kikigusa chuma,
si kabla, si baada, palepale,
ukasikia ile *ting!*
na jitu zima likakugeuzia mgongo?
Hakuna aliyetufundisha.
Kaka yangu Cirhuza aliligundua kwa maneti mbovu,
kitufe kikinata kwa mafuta ya sambaza,
kikichelewa kuinuka.
Alishinda kwa ubovu.
Kisha akakaa wiki tatu
akikifundisha kidole kizima kuchelewa.

Ya pili ilitufikia mwaka ule
mvua ilipobeba ngazi za Funu.
Vitufe vilevile vitatu, usisahau hilo.
Hawakuongeza kitufe, waliongeza swali.
Kata, kata, nyamaza, kata:
upanga unahamia mkono wa kushoto.
Ule ukimya wa katikati nao ni pigo.
(Nilimweleza mama kwamba kunyamaza ni pigo.
Akasema anajua,
ameolewa miaka ishirini na sita.)

Sasa hii ya kwako.
Nzuri, sikatai. Joho linalowa mvua,
jasho linashuka hadi kwenye nyusi.
Silaha kumi na saba, nimezihesabu;
kumi na sita ni upanga uleule
uliobadilishiwa nguo.
Unabonyeza, unabonyeza, na skrini
inapigana kwa niaba yako,
kama bwana harusi anayesemewa na wajomba.
Siku ile ulikuwa unakula mkate.
Mkono mmoja, Zihindula!
Na jitu likaanguka.

Ya nne sina ugomvi nayo, inaomba radhi.
Imerudisha kinga,
ila inawasha taa nyekundu kukuambia lini.
Siri ikishapigiwa kengele
inabaki nini?

Panda juu ya Funu asubuhi, mvua ikishakatika.
Ziwa kule chini, dimbwi hapa mlangoni,
vyote vinang'aa sawasawa.
Macho hayawezi kukuamulia.
Tupa jiwe,
usikilize linavyokawia.

Madamu Wabiwa alitufundisha darasani
kwamba shairi ni vina.
Humu sikuvitia, anisamehe.
Nimeutafuta umoja wake.

Cirhuza yuko Kamituga, anachimba.
Akipiga simu haulizi habari ya ziwa,
haulizi bei ya unga.
Anauliza kama ile maneti bado ipo.
Ipo. Jana ilikuwa mikononi mwa Nsimire,
binti wa Murhula, miaka tisa,
anacheza ile ya kwanza, ile ya kuta za bugali,
kwa sababu nyie wakubwa mmeshika mashine nzuri.
Jitu la darajani limemwua mara arobaini.
Nilisimama nyuma yake, nikauma ulimi.
Mara ya arobaini na moja akafa tena,
lakini safari hii alichelewa kidogo,
kidogo sana,
akakitazama kidole gumba chake
kana kwamba kimemtajia jina la mtu.

Njoo kesho na franga zako mia tano.
Tutacheza ya pili.
Mkate uache nyumbani.