Ukuta wa Upande wa Mvua

Mvua ya Kapchorwa haishuki, hupiga ubavuni.
Inateremka mlimani na changarawe mdomoni,
na miaka sita imekuwa ikila ukuta wetu mmoja,
ule wa chumba cha Chelimo,
plasta ikibanduka vipande vikubwa kama magamba ya kidonda.

Yesho alisema: tupige plasta tena, tupake rangi ya maji.
Nikasema: mara ya nne?
Akasema: mabati, basi.
Nikasema: mtoto alale ndani ya ngoma?

Ndipo nikataja vigae vya mbao.
Meza nzima ikanyamaza, isipokuwa shangazi Yapkwobei
aliyeuliza kama tumefilisika.
Nyumba ya mbao ni ya kuku, alisema.
Mtu hutoka kwenye mbao kwenda kwenye tofali,
harudi.

Fundi Satya alikuja na gunia, ndani yake vipande vitatu.
Cha mkaratusi: kizito, bei ya chini,
kimekwisha anza kujipinda kama mtu anayetegea umbeya.
Cha msonobari: kimepigwa randa, laini, bila kosa.
Cha tatu hakikunyooka. Kilikuwa na mawimbi mgongoni
na kilinuka penseli iliyochongwa sasa hivi.
"Mtarakwa," alisema, "na haukupasuliwa kwa msumeno."

Msumeno, alinieleza, hukata utakavyo wewe;
nyuzi za mti hubaki midomo wazi, na maji hunywewa.
Panga na nyundo hufuata mti ulivyokua.
Uliposita mwaka wa ukame, kigae nacho husita,
na tone hupita juu yake kama kwenye unyoya wa bata.

Sikumwamini. Mimi ni mwalimu wa hesabu.
Nilivitundika vyote vitatu kwenye kamba ya nguo
Aprili yote,
kila Jumamosi nikavipima kwa mizani ya kahawa.
Cha mkaratusi kilikunywa, kikapasuka.
Cha msonobari kiliota ukungu wa kijani kwenye kona.
Cha mtarakwa kilibadilika rangi tu,
wekundu ukaondoka, kikaja kijivu
kama cha nywele za Yesho juu ya masikio.

Likabaki swali la mti wenyewe.
Msituni hatukati, na sokoni hauonekani.
Yesho akatazama chini.
Uko mmoja, shambani kwa baba yake, ulioanguka
usiku ule ardhi ilipotembea
ikachukua zizi, na mdogo wake Labu.
Miaka kumi na mmoja umelala pale.
Hakuna aliyeugusa, hata kwa kuni.

Sikumwomba. Hilo naliandika wazi.
Alikwenda mwenyewe Jumatatu, akarudi jioni
na vibanzi viwili mfukoni mwa koti.
Akaviweka karibu na chumvi.
"Ndani bado ni mwekundu," akasema,
akaomba chai.

Sasa ni Septemba. Fundi Satya ameanzia chini,
safu juu ya safu, kila kigae kikifunika ufa wa wenzake wawili,
na kati yao nafasi ya unene wa sarafu,
maana mbao ikilowa hutanuka, itahitaji pa kwenda.
Misumari miwili kwa kila kimoja.
Wa tatu, anasema, ni wa woga.

Shangazi alipita. Alisema bado ni banda.
Moto je? akauliza, na hapo sina jibu zuri:
nimehamishia jiko upande wa pili,
nimeweka pipa la maji.

Safu ya juu haitatimia. Nimehesabu mara mbili,
vinapungua vigae arobaini na vitatu,
na mti umekwisha.

Jana Chelimo alisema usiku ukuta unalia, kidogo kidogo.
"Haulii," baba yake alimwambia. "Mbao inajipanga."
Kisha akasimama nje, upande ule wa mvua,
kiganja juu ya vigae,
mpaka nilipomwita mara ya pili.